Korongo Lililohama: Uchambuzi wa Kisa cha Kijiji Kilichoandika Historia Yake

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatoka katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Irangi, Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Majina ya kijiji, ya kijiji jirani na ya watu wote yameondolewa, na baadhi ya alama za ardhi zimebadilishwa ili pasijulikane ni wapi. Kimeandikwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji, maafisa ardhi, walimu wa historia, na yeyote atakayepewa kazi ya kukaa na wanakijiji na kuwauliza: hapa palianzaje? Swali hilo huonekana la upole. Mahali ambapo watu walihamishwa kwa amri na mifugo ikaondolewa kwa amri, jibu lake linaweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya.

Nchi ilivyo

Juu kuna vilima vya mawe vyenye miyombo iliyochipua upya. Katikati kuna miteremko ya udongo mwekundu iliyopasuliwa na makorongo, mengine ya kina cha kumficha mtu mzima aliyesimama. Chini kabisa kuna mto wa mchanga. Maji hupita juu yake kwa saa chache tu baada ya mvua kubwa, kisha huzama. Mwaka uliobaki wanawake huchimba visima mchangani na kuyapata humo. Mvua ni ya msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili au Mei.

Kando ya mto kuna ukanda wa mashamba tambarare unaotoa miwa, ndizi, viazi vitamu na mahindi hata mwaka ambao miteremko imekauka. Ardhi hiyo nzuri ni udongo na mchanga ulioporomoka kutoka juu. Kilichopotea mlimani ndicho kinacholimwa bondeni, na ndicho kinachogombewa.

Mmomonyoko wa Irangi una umri mkubwa kuliko ukoloni. Watafiti wa udongo wamekuta tabaka za mchanga uliosombwa zamani sana. Lakini karne mbili za karibuni zilizidisha mambo. Karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Kondoa ikihitaji chakula na kuni. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka ili kupambana na mbung'o, na mashamba na mifugo vikaenea kwenye udongo uliobaki wazi. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama kila mtu wa hapo anavyouita. Mradi ulichimba makingamaji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasisombe udongo, na kupanda miti. Mwaka 1979 ukachukua hatua nzito kuliko zote: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,256.

Majani yakarudi. Miti ikarudi. Baadhi ya makorongo yakaanza kujaa mchanga na kuota nyasi. Msomaji aliweke hilo akilini, maana ndilo lililokuja kuleta ugomvi na ndilo lililoumaliza.

Watu walivyofika hapo

Kijiji hiki, kama vingi vya Tanzania, kina makundi ya watu waliofika kwa nyakati tofauti, na kila kundi lina historia yake ya kweli.

Wa kwanza ni koo zilizokuwa zikikaa mteremko wa kati kwa vizazi vingi. Wa pili ni waliokuwa wakiishi vilimani, kaya mojamoja zilizotawanyika. Hao waliteremshwa mwaka 1974. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe vijijini. Kaya za vilimani ziliacha tembe zao, zikapewa viwanja kando ya barabara na mashamba yaliyopimwa kwa hatua za miguu.

Kundi la tatu ni familia zilizokuwa na mifugo mingi. Mwaka 1979 mwenye ng'ombe wachache aliwauza au kuwapeleka kwa ndugu. Wenye wengi walihama nao kwenda tambarare za mashariki na kusini, wakaacha mashamba. Katikati ya miaka ya 1990 mradi ulipofikia ukingoni, baadhi yao na watoto wao walianza kurudi. Kundi la nne, dogo, ni wafugaji wanaopita na mifugo wakati wa kiangazi na baadhi yao kukaa.

Tatizo lililokuwa mezani

Halmashauri ya Kijiji ilitaka mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Sababu zilikuwa za kweli kabisa: alizeti ilikuwa imepanda thamani, watu walikuwa wakifungua mashamba hadi kwenye miteremko iliyopona, na vijana walitaka hati za hakimiliki za kimila. Lakini mpango hauwezi kufanyika juu ya mpaka wenye mgogoro. Kijiji jirani kilidai ukanda wa bondeni wa upande wa mashariki, na kila upande ulisema una makubaliano ya miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zilinukuu maneno yaleyale: mpaka ni korongo.

Timu ya wilaya ilikishauri kijiji kiandike kwanza historia yake na sura ya ardhi yake. Kazi ilikabidhiwa Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji.

Jaribio la kwanza

Kamati ilifanya kile ambacho kamati nyingi hufanya. Ilikwenda kwa wazee watatu wanaoheshimika, wote wa ukoo mmoja wa mteremko wa kati, ikaandika walichosema. Simulizi ilianza na babu aliyefika na mkuki na mbegu za uwele, ikafuata watoto wake na milima waliyoigawana, ikapita vita vya 1916 pale Waingereza na Wajerumani walipopigania Kondoa, ikafika uhuru. Operesheni ya 1974 ilipewa sentensi moja: "Baadaye watu wengine wakaletwa."

Ilisomwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Msomaji alipofika kwenye sentensi ile, mzee mmoja wa waliotoka vilimani alisimama akaomba ruhusa ya mwenyekiti. "Shikamoo zenu wakubwa zangu," alisema. "Mimi baba yangu kazikwa hapa, watoto wangu wamezaliwa hapa. Sikuja hapa kwa kupenda, nyumba yangu ilivunjwa. Leo nasomewa kama mtu aliyeletwa?" Sauti zilipanda. Wengine walitaka kujua kama mashamba waliyopewa 1974 sasa yatadaiwa. Mwenyekiti alifunga mkutano bila azimio, na alifanya vyema, kwa sababu kura yoyote iliyopigwa siku ile ingekuwa kura ya hofu.

Wazee wale watatu hawakusema uongo. Walijibu swali waliloulizwa. Kosa lilikuwa ndani ya swali lenyewe: nani alifika kwanza?

Kubadili swali

Afisa ardhi aliyekuwa akisaidia kazi hiyo aliirudisha kamati kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa kuhamisha watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Kwa hiyo kisheria aliyepewa shamba mwaka 1974 hana deni kwa aliyetangulia. Kifungu hicho hakikutoka hewani. Miaka ya mwanzo ya 1990 wakazi wa zamani katika sehemu mbalimbali za nchi walikwenda mahakamani kudai ardhi zao. Serikali ilijaribu kufuta haki hizo kwa sheria ya mwaka 1992, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya 1999 ilibidi ipite katikati ya majeraha hayo.

Kamati ikachukua maamuzi matatu. La kwanza: historia itaandikwa kwa mahali badala ya kufuata koo. Kila kilima, kisima, korongo na hame, yaani makazi yaliyoachwa, litakuwa na ukurasa wake, na chini yake yataandikwa yote yaliyotokea pale na watu wote waliopatumia. La pili: pasipokubalika, zitaandikwa simulizi mbili bega kwa bega, bila kamati kuchagua. La tatu: wanawake watakaa peke yao kwanza, na maneno yao yataingia kwenye daftari kabla wanaume hawajatembea.

Uamuzi wa tatu ulipingwa. Mjumbe mmoja alisema mipaka ni mambo ya wazee. Mtendaji wa kijiji alimjibu kwa heshima kwamba anayechota maji kila siku hujua njia iliziba lini, na hoja ikapita.

Kutembea ardhi

Tarehe za miaka hazikumsaidia mtu. Kilichosaidia ni matukio: ukame na njaa ya 1974, mwaka wa ng'ombe kuondolewa, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Nino za 1997 na 1998. Mtu akiulizwa korongo lile lilifika hapa mwaka gani, husema hajui. Akiulizwa kama lilikuwepo ng'ombe walipoondolewa, anajua.

Vilimani walikuta mahame ya kabla ya 1974. Tembe huanguka na kuwa kichuguu cha udongo, lakini minyaa iliyozungushwa kwenye boma hubaki, na mahali palipokuwa na zizi udongo ni mweusi hadi leo. Kulikuwa na mawe ya kusagia yaliyolika katikati, vigae vya vyungu, na makaburi. Katika rasimu ya awali sehemu yote hiyo ilikuwa imewekwa kuwa msitu wa hifadhi usioingiwa. Waliotoka vilimani walieleza kwamba kila mwaka huenda kufyeka makaburi na kuwasomea dua wazazi wao. Ukurasa wa mlima ule ulibadilishwa papo hapo: hifadhi ibaki, njia ya makaburi iandikwe, na siku za kuzuru zisihitaji kibali. Nadhani jambo hili dogo ndilo lililowarudisha watu wale kwenye kazi, kuliko maelezo yote ya sheria.

Kisha wakafika kwenye korongo la mashariki, pamoja na wazee na viongozi wa kijiji jirani walioalikwa kwa barua.

Wenyeji walionyesha korongo refu, lenye kuta zilizosimama wima, lililo karibu na kijiji jirani. Majirani wakaonyesha kinyume chake: bonde pana lenye alizeti, lisilo na dalili yoyote ya korongo, lililo karibu na wenyeji. "Hapa ndipo babu yako aliponionyesha," mzee wa upande wa pili alimwambia mwenyekiti. "Akaniambia, mwanangu, usivuke." Vijana wakacheka, kwani palikuwa shamba tupu.

Mama mmoja aliyekuwa ameolewa kijijini miaka ya mwanzo ya 1970 ndiye aliyelifungua jambo. Alikuwa amelisema tayari kwenye kikao cha wanawake, na katibu alilisoma kutoka kwenye daftari. "Nilipokuja kama bibi harusi, pale penye korongo kubwa nilikuwa napita na ndoo kichwani, ardhi sawa. Tulikuwa tunazunguka huku kwenye alizeti, ndiko kulikuwa na shimo. Hili kubwa limekatika mvua ile ya El Nino." Kijana anayefyatua matofali akaongeza alichokuwa akikijua kwa jembe lake: kwenye ukanda ule wa alizeti huwezi kupata udongo wa tofali, ukichimba unakutana na mchanga mtupu kwenda chini, wakati hatua chache pembeni udongo ni mwekundu na mgumu. Afisa ardhi akafunua ramani ya zamani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000. Mkono mmoja tu wa korongo ulichorwa, na ulikuwa upande wa alizeti.

Mambo yakaeleweka. Miaka ya 1970 mpaka ulipokubaliwa, korongo lilikuwa la magharibi. Baada ya makingamaji na kuondolewa kwa mifugo, korongo lile lilipoa, likajaa mchanga, likaota nyasi, na mwishowe likalimwa. Maji ya 1997 na 1998 yalipotafuta njia yakakata mkono mpya mashariki. Kizazi kilichokua baada ya hapo kilisikia "mpaka ni korongo" na kikaona korongo moja tu. Pande zote mbili zilikuwa zimeyashika maneno ya wazazi wao kwa uaminifu.

Matokeo

Kijiji kilichoandika historia ndicho kilichopoteza dai. Ushahidi wake chenyewe ulionyesha kwamba mpaka wa awali uko magharibi, na ukanda uliogombewa ni wa jirani. Lakini baadhi ya kaya zake zilikuwa zimelima humo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Halmashauri mbili zilikaa na kuandikiana makubaliano ya matumizi ya pamoja, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaliruhusu kati ya vijiji: mpaka unafuata mstari wa awali, kaya zilizomo zinaendelea kulima, hakuna shamba jipya linalofunguliwa, na ukingo wa korongo jipya unapandwa nyasi na miti na vijiji vyote viwili. Mstari uliwekwa alama za zege, ukifungwa kwenye jiwe kubwa na mbuyu, ili usitegemee tena njia ya maji.

Historia iliyoandikwa upya ilisomwa kwenye Mkutano Mkuu kwa mahali, ukurasa kwa ukurasa. Ilipokelewa na masahihisho mengi na bila kelele. Mpango wa matumizi ya ardhi ulipitishwa msimu uliofuata.

Mambo mawili hayakwenda vizuri. Wafugaji wa kiangazi hawakuwepo, kwa sababu kazi ya kutembea ilifanyika baada ya mvua, wakati mifugo yao iko tambarare. Njia ya mifugo ilichorwa na watu wasioitumia, ikapita kwenye mwinuko ambao ng'ombe hawauwezi, na kiangazi kilichofuata mazao yalikanyagwa na watu wakapigana. Ilibidi njia ichorwe tena.

Jambo la pili ni zito zaidi. Familia zilizorudi baada ya kufuata ng'ombe 1979 zilikuwa na ukurasa wao katika historia, lakini mashamba yao ya zamani yalikwishagawiwa kwa wengine. Baraza la Ardhi la Kijiji lilisuluhisha shauri moja kwa kugawana shamba. Mengine yalibaki.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kutenganisha maswali mawili yanayofanana. "Nani alifika kwanza" ni swali la heshima ya koo, na lina haki ya kujibiwa mahali pake. "Nani ana haki ya kutumia ardhi hii" ni swali la sheria na la maisha ya sasa. Kamati ilipoyachanganya, kila sifa ya ukoo mmoja ilisikika kama tishio kwa mwingine. Ilipoyatenga, wazee walewale watatu waliruhusiwa kusimulia habari za babu yao chini ya kilima chake, na hakuna aliyenuna.

Pili, kuandika kwa mahali kulibadili nani anahesabika kuwa mjuzi. Katika historia ya ukoo mjuzi ni mzee wa kiume wa ukoo. Katika historia ya kisima mjuzi ni anayekitumia, na katika historia ya mchanga mjuzi alikuwa kijana mfyatua matofali ambaye hakuna aliyemwalika kama shahidi. Alikuwapo kwa sababu tanuru lake lilikuwa karibu. Hilo linanifanya niamini kwamba matembezi ya namna hii yapite makusudi kwenye sehemu za kazi: machimbo, visima, tanuru, mashamba yanayolimwa siku hiyohiyo.

Tatu, na hili ni la Irangi na nchi zinazofanana nayo, alama za mpaka zilichaguliwa bila kuzingatia tabia ya ardhi. Korongo ni alama inayoonekana vizuri, ndiyo maana wazee waliichagua. Lakini linasogea linapokua, na linapotea linapotibiwa. Palipo na kazi ya kuhifadhi udongo, kila mpaka uliofungwa kwenye korongo au mto wa mchanga unastahili kukaguliwa kabla ya mgogoro kuanza. Mradi wa hifadhi ulifanikiwa hapo, na mafanikio yake yalifuta mpaka bila mtu kukusudia.

Uamuzi wa kuandika simulizi mbili bega kwa bega nauona mzuri, ingawa una gharama. Kurasa kadhaa zimebaki na majibu mawili, na kijana anayezisoma leo hapewi hukumu. Kwa mpaka jambo hilo lisingetosha. Pale ilibidi ushahidi uamue, na uliamua dhidi ya waandishi wenyewe. Kijiji kikakubali, kwa sababu ushahidi ulitoka kwa mama yao na kijana wao, wala haukuletwa na mtu wa wilayani.

Kuhusu wafugaji, kosa lilikuwa kalenda. Wajumbe walitembea wakati unaowafaa wakulima. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unataka ushirikishwaji wa watumiaji wote, na kwenye karatasi ulitimia: mwakilishi wa wafugaji alikuwemo kwenye orodha. Hakuwemo mlimani.

Na familia za 1979? Hapa ndipo kisa kinaponiumiza. Kifungu cha 15 kinawalinda waliopewa ardhi kati ya 1970 na 1977, na wao walikuwa miongoni mwao. Walipewa mashamba 1974 kama majirani zao. Miaka mitano baadaye mifugo yao ilitakiwa kuondoka. Amri ilihusu ng'ombe, haikuwataja watu, kwa hiyo kwenye kumbukumbu wanaonekana kama walioondoka kwa hiari. Mfugaji anayeambiwa ng'ombe wake waende hana hiari kubwa hivyo. Aliyegawiwa shamba hilo baadaye naye hakuiba. Alipewa na kijiji, amelima kwa miaka mingi. Historia iliyoandikwa imeonyesha wazi kwamba pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa, lakini kuonyesha si kutatua, na kamati haikuwa na ardhi ya ziada ya kugawa. Halmashauri imetenga sehemu ndogo ya ardhi ya akiba kwa ajili yao, juu kwenye mteremko mwekundu, mbali na bonde. Wawili wameikubali. Wengine wamesema watasubiri mapitio ya mpango, na wameomba ukurasa wao usomwe tena siku hiyo kabla ya ramani kufunguliwa.